Damu Hii Si Yake

Mzee wa maabara hakupiga simu usiku ule. Alipanda ngazi mwenyewe, koti jeupe halijafungwa vifungo, karatasi ya majibu mkononi, akanikuta kaunta ya manesi nikijaza chati za saa nne. Hakuuliza habari za kazi.

"Huyu mama wa kitanda cha nne, anaongea?"

"Anaongea," nikamjibu. "Ametoka kula sasa hivi. Ananiuliza kesho anaruhusiwa saa ngapi."

"Basi damu hii si yake."

Akaitandaza karatasi chini ya taa. Potasiamu 11.2. Kalsiamu 0.5. Viwango vya kawaida nilivikariri chuoni kama watoto wanavyokariri tebo: potasiamu 3.5 hadi 5.0, sodiamu 135 hadi 145, kalsiamu 2.2 hadi 2.6, zote kwa milimoli kwa lita. Nilijua kwamba mtu mwenye potasiamu ya 11 haongei, achilia mbali kumaliza bakuli la uji. Lakini daktari wa zamu, kijana aliyekuwa na mahututi wawili ghorofa ya chini, alishapita maabara akaiona ile namba, akaniagiza niandae insulini na glukosi. Bomba la sindano lilikuwa tayari kwenye trei. Dakika tano zaidi ningekuwa nimeshamchoma.

"Ulianza chupa ipi?" mzee akauliza.

Nikanyamaza, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Yule mama, mnene, mwenye mishipa iliyojificha, nilimchoma mara tatu. Nilijaza kwanza kichupa chenye kifuniko cha zambarau, kile cha FBP, yaani kipimo cha picha kamili ya damu, ambacho kikijaa pungufu maabara wanakirudisha. Kwenye kile chekundu, cha chumvi za damu na figo, yakaingia matone machache tu. Nikaona aibu kumchoma mara ya nne. Nikafungua vifuniko vyote viwili, nikamimina kidogo kutoka kwenye zambarau kwenda kwenye chekundu. Damu si ni ileile ya mtu mmoja?

Si ileile. Kichupa cha zambarau kina dawa iitwayo EDTA, inayozuia damu isigande kwa kuikamata kalsiamu yote. Na dawa hiyo huwekwa humo ikiwa chumvi ya potasiamu. Kwa hiyo nilichomimina kilikuwa damu iliyonyang'anywa kalsiamu na kuongezewa potasiamu. Mzee alinieleza kwa maneno machache, bila kupandisha sauti, kisha akasubiri nichukue damu upya, akaondoka nayo mwenyewe. Baada ya dakika arobaini akapiga simu: potasiamu 4.1, kalsiamu 2.3. Mama alikuwa mzima. Ile insulini ingeisukuma potasiamu yake nzuri ndani ya chembe na kuishusha sukari yake, saa nne na nusu ya usiku, taa za wodi zikiwa zimepunguzwa na nesi mmoja akihudumia vitanda kumi na nane.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu usiku ule. Niliporudi kumchoma, mama aliniuliza kwa nini tena. Nikamwambia mashine ya maabara imesumbua. Akanipapasa mkono, akasema, "Pole mwanangu. Mashine hizi." Nimeuguza watu wengi tangu siku ile, na sauti ile bado naisikia.

Ilikuwa mwaka 2008, nami nina miezi mitano tu Mikocheni, Dar es Salaam. Wageni wanaijua sehemu hii kwa kuta ndefu na miti ya vivuli, na kwa hospitali zake. Chuo kikuu cha Hubert Kairuki kilianzishwa hapa mwaka 1997, na wauguzi wake wamesambaa nchi nzima. Mimi sikusoma hapo wala sikuajiriwa hapo. Hospitali yangu ilikuwa ndogo, ya ghorofa mbili, kando ya barabara tuliyoiita Old Bagamoyo na ambayo leo ni ya Mwai Kibaki. Wagonjwa wetu hawakuwa wa ndani ya kuta zile peke yao. Walitoka Kawe, Msasani, Mwananyamala, wengine walishuka daladala Mwenge wakatembea. Na langoni, kila siku ya Mungu, alisimama muuza madafu na baiskeli yake, panga likiwa limelala juu ya rundo. Nitarudi kwake.

Baada ya usiku ule nilianza kushuka maabara kila nipatapo nafasi. Mzee alikuwa na kiti cha plastiki kilichovunjika mgongo, ndicho nilichokalia. Jambo la kwanza alilonifundisha lilikuwa kutazama sampuli ikiwa imeshazungushwa kwenye mashine, chembe zimezama chini na majimaji yameelea juu. Majimaji mazuri yana rangi ya manjano hafifu, kama mafuta ya alizeti. Akaninyooshea kichupa kingine, majimaji yake mekundu kama juisi ya rozela. "Hizi chembe zimepasuka," akasema. "Ukiniuliza potasiamu ya huyu, nitakudanganya."

Sababu yake ni rahisi ukiishika. Potasiamu karibu yote ya mwili, asilimia 98 hivi, imo ndani ya chembe. Katika damu inayozunguka imo kidogo mno. Fikiria dafu: nje kavu, ndani maji tele. Ukilipasua hovyo, maji yanamwagika. Nesi anayevuta damu kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, kisha akaisukuma kwa kishindo ndani ya kichupa, anapasua madafu elfu na elfu bila kusikia mlio. Mashine ya maabara haiwezi kujua kama maji yale yalimwagika mwilini au ndani ya kichupa. Inahesabu tu.

Nikaanza kuyaona makosa yangu moja baada ya jingine. Kufunga mpira mkononi kisha kwenda kutafuta pamba, mkono umefungwa dakika nne. Kumwambia mgonjwa "kunja ngumi, kunjua, kunja tena", jambo ambalo kila nesi niliyemjua alilifanya, nalo huikamua potasiamu kutoka kwenye misuli ya mkono hadi kipimo kikapanda bila ugonjwa wowote. Kuchukua damu mkono uleule wenye dripu: niliwahi kupeleka sampuli ikatoa sukari ya 38 kwa kijana asiye na kisukari, kwa kuwa glukosi ilikuwa inashuka sentimita chache juu ya sindano yangu. Na friji. Usiku umeme ukiwa wa mashaka na maabara imefungwa, tuliweka damu nzima kwenye friji tukiamini tunaitunza. Baridi huizimisha pampu ya chembe, ile inayoivuta potasiamu ndani na kuitoa sodiamu nje, na mpaka asubuhi potasiamu imeshavuja. Sukari nayo huliwa na chembe zenyewe saa baada ya saa. Asubuhi daktari anasoma namba mbili, zote za uongo, zikiwa na jina sahihi la mgonjwa juu yake.

Nasisitiza hili kwa sababu chuoni tulifundishwa kana kwamba majibu huanzia maabara. Huanzia kitandani. Daktari hakuwepo damu ilipotoka, wala mtu wa maabara hakuwepo. Ni nesi peke yake anayejua mshipa ulisumbua, dripu ilikuwa mkono gani, chupa ipi ilitangulia. Akinyamaza, habari hizo hazipatikani mahali pengine popote.

FBP ina mitego yake, na mmoja nitautaja haraka kwa kuwa unaua kina mama. Mwanamke aliyetoka kujifungua na akavuja damu nyingi anaweza kuwa na himoglobini ya 11 saa ileile, ukashangilia. Damu hutoka ikiwa nzima, maji na chembe pamoja, kwa hiyo iliyobaki haijawa nyepesi bado. Wepesi unakuja baadaye, maji ya mwili yanapohamia kwenye mishipa au dripu inapoingia. Mapigo ya moyo ya 130 na viganja vya baridi vinasema kweli mapema kuliko karatasi. Mtego mwingine ulitufundisha mwaka 2014, homa ya dengi ilipoitikisa Dar es Salaam. Kila mgonjwa alijifunza kuuliza chembe sahani zake ni ngapi, na ndugu walikuwa wakipigiana simu kuambiana 90, 60, 45. Wachache waliuliza kiwango cha ujazo wa chembe nyekundu, kile kinachopanda maji ya damu yanapovuja nje ya mishipa. Na uvujaji huo hupenda kuja homa inaposhuka, saa ambayo nyumbani wanasema "amepona, twende zetu". Niliwahi kumzuia baba mmoja mlangoni, begi begani, mtoto amejiinamia ubavuni pake. Alinikasirikia sana. Mtoto alilala siku mbili zaidi na dripu.

Sasa yule muuza madafu.

Miaka mitatu baada ya kosa langu, alifika mwanaume wa makamo, fundi seremala, mgonjwa wa figo aliyekuwa akisafishwa damu hospitali nyingine. Alikuja akilalamika kwamba miguu ni mizito, amepanda ngazi za nyumbani kama anavuta gunia. Nilimchukua damu mwenyewe. Jibu: potasiamu 7.4.

Na mimi, mwanafunzi mwaminifu wa mzee, nikasema moyoni, sampuli imeharibika. Nilishaziona nyingi. Nikaanza kuandaa vichupa vipya. Nilichokuwa nimejifunza kilikuwa kinaelekea kumwua mtu, na nataka kila nesi kijana alisome hili taratibu. Kuijua njia ya namba kuharibika hakukupi ruhusa ya kuipuuza namba. Kunakupa kazi ya kumwendea mgonjwa mara moja. Mama wa kitanda cha nne alikuwa anaongea na kula. Huyu fundi nilipomshika mkono, mapigo yalikuwa 42 kwa dakika. Nikamwambia anyanyue goti, goti halikunyanyuka. Nikavuta mashine ya kipimo cha moyo, karatasi ikatoka na vile vilima vya mchoro viitwavyo mawimbi ya T vimechongoka kama mahema, virefu, vyembamba, jirani kwa jirani.

Hapo husubiri kipimo cha marudio. Unatuma damu na unaanza kazi. Kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10, polepole, macho hayatoki kwenye monita. Wengi hudhani kalsiamu huishusha potasiamu. Haiishushi hata kidogo. Inaukinga moyo kwa nusu saa hadi saa moja ili mengine yapate muda. Kisha insulini uniti 10 pamoja na glukosi gramu 25, inayoirudisha potasiamu ndani ya chembe, na salbutamoli ya kuvuta ambayo hufanya kazi hiyohiyo. Kisha sukari inapimwa kila saa, kwa sababu mgonjwa wa figo huichelewesha insulini mwilini na anaweza kuzama saa tatu baadaye wakati wote mmeshapumua. Na bado hujaitoa potasiamu hata chembe, umeificha tu. Kuitoa ni kazi ya kumsafisha damu. Tulipiga simu, gari likapatikana, nikapanda naye. Njiani pale makutano ya Morocco foleni ilikuwa imekaza, na mimi nilikuwa nahesabu mapigo kwa sauti ili dereva asikie.

Alipopata nafuu nilikwenda kumtembelea nikamuuliza alikula nini wiki ile. Akataja ugali, samaki, mchicha kidogo. Kisha, kwa fahari ya mtu aliyejitahidi: "Na madafu, sista. Mawili asubuhi, mawili jioni. Nimeambiwa dafu linasafisha figo." Yalikuwa ya yule kijana wa langoni petu. Kila alipokuja kliniki alisimama pale.

Sikucheka wala sikumgombeza. Pwani nzima tumelelewa na imani hiyo. Dafu tumelinywa tukiwa na homa, tukitoka hospitali, tukifunga na kufungua. Na Mikocheni yenyewe ina kituo cha utafiti wa kilimo kilichokulia katika utafiti wa minazi. Dafu ni kinywaji cha heshima. Lakini maji yake yana potasiamu nyingi mno, mara kumi au zaidi ya ile inayotakiwa kuwemo kwenye damu, na sodiamu kidogo. Figo nzima huitupa nje ndani ya saa chache, wala huhisi kitu. Figo iliyokufa haina pa kuitupa. Fundi alikuwa amekosa siku moja ya kusafishwa kwa sababu ya msiba, akajifariji kwa madafu. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia. Mimi mwenyewe nilishampita langoni zaidi ya mara moja, dafu kalishika kwa mikono miwili, nikamsalimia nikaendelea na safari yangu.

Dafu lilelile nililiona kwa jicho lingine mwezi Agosti 2015, kipindupindu kilipolipuka Kinondoni. Kilianzia kwetu, kikasambaa mikoa mingi, na hadi mwaka uliofuata kilishawapata zaidi ya watu 20,000 nchini. Nilijitolea kwenye kambi ya wagonjwa, mahema na vitanda vyenye tundu katikati na ndoo chini yake. Pale hapakuwa na karatasi ya majibu. Hakuna aliyepima sodiamu wala potasiamu. Kabla sampuli haijafika popote mtu angekuwa ameshakauka. Tulisoma mwili. Unafinya ngozi ya tumbo, inabaki imesimama kama kunjo la kanga. Macho yameingia ndani. Sauti imekatika. Vidole vimesinyaa kama vya mtu aliyefua nguo siku nzima. Misuli ya miguu inakakamaa hadi mwanaume mzima anapiga kelele.

Yale maji ya kuharisha, kama ya kuoshea mchele, hayatoki peke yake. Yanatoka na sodiamu, na potasiamu, na ile baikaboneti inayoizuia damu isiwe na asidi. Ndiyo maana tulikuwa tunalilia dripu ya Ringer na si ile ya chumvi tupu. Mwingereza Sydney Ringer, miaka ya 1880 huko London, aliuweka moyo wa chura kwenye maji ya chumvi akaona unaendelea kudunda. Ikaja kugundulika kwamba msaidizi wake alitumia maji ya bomba badala ya maji yaliyokenekwa, na kalsiamu iliyokuwemo kwenye maji ya bomba ndiyo iliyoubeba ule moyo. Chumvi tupu haikutosha. Nilisoma habari hiyo zamani nikaisahau, ikanirudia ndani ya hema nikishika chupa ya Ringer: sodiamu, potasiamu, kalsiamu, na laktati inayogeuzwa kuwa baikaboneti mwilini. Mililita 30 kwa kila kilo kwa nusu saa ya kwanza, kisha 70 kwa kila kilo kwa saa mbili na nusu. Mtu mzima wa kilo 60 anaingiziwa lita sita kabla ya adhana inayofuata. Nimeona maiti, naapa ni neno pekee ninaloweza kutumia, ikikaa kitako na kuuliza viatu vyake viko wapi.

Anayeweza kunywa anapewa ORS. Mfuko mmoja kwenye lita moja: sodiamu 75, glukosi 75, potasiamu 20. Sodiamu na glukosi zimelinganishwa makusudi, kwa kuwa utumbo huziingiza zikiwa zimeshikana mikono na maji yakafuata nyuma. Na asiyekuwa na mfuko tulimfundisha vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vimesawazishwa juu. Mchanganyiko huo wa nyumbani una upungufu mmoja: hauna potasiamu. Mtoto mmoja wa miaka miwili kutoka Tandale alikuwa ameacha kuharisha, ngozi imerudi, lakini tumbo limevimba kama ngoma, shingo imelegea, na nilipoweka kipimo cha kusikilizia tumboni kulikuwa kimya. Hiyo ni potasiamu iliyoisha. Misuli ya utumbo nayo ni misuli. Tulimpa ORS ya mfuko kijiko kwa kijiko. Na mama yake akaniuliza kama anaweza kumpa na dafu. Figo za mtoto zilikuwa nzima, mkojo unatoka. Nikamwambia, mpe, mama, na ndizi iliyoiva umpondee. Usiku wa pili nilisikia tumbo lile likinguruma, nikaita wenzangu waje wasikilize.

Hospitalini, potasiamu ya kuongeza huja kwenye kichupa kidogo cha plastiki cha mililita 10, na kile cha asilimia 15 kina milimoli 20. Kinafanana na maji ya kuchanganyia dawa kama pacha. Kichanganye ndani ya dripu, igeuze-geuze ile chupa, na usizidishe milimoli 10 kwa saa kwenye mshipa wa mkono. Kikisukumwa moja kwa moja, moyo unasimama na haudundi tena. Wodini kwangu vilihamishwa kutoka kwenye trei ya dawa vikafungiwa kabati lake, ufunguo kwa kiongozi wa zamu. Baadhi ya wenzangu waliona ni usumbufu. Niliwaambia nisumbueni usiku kucha, nitaamka.

Sodiamu ndiyo iliyonifundisha subira, nayo nitaieleza kupitia bibi mmoja wa Kawe. Aliletwa na wajukuu wake, anaongea na marehemu mumewe, anamwita aingie ndani mvua inakuja. Nyumbani walishagawanyika: wengine uzee, wengine mkono wa mtu. Sodiamu yake ilikuwa 112. Alikuwa anakunywa dawa ya presha ya kukojoza, na binti yake, kwa mapenzi, alikuwa anamnywesha maji lita tatu kwa siku na chakula kisicho na chumvi kabisa. Ubongo wake ulikuwa umelowa.

Kila mtu alitaka arudishwe leo. Dripu ya chumvi kali ipo, kwa nini isifunguliwe? Kwa sababu ubongo uliokaa siku nyingi kwenye maji mepesi umeshajipanga kuishi humo, na ukiukausha ghafla unaharibu njia za neva katika shina lake. Mgonjwa anaweza kuamka hajui kumeza wala kusema. Tunapandisha milimoli 8 kwa siku, zikizidi 10. Nilimkalisha mjukuu mkubwa kwenye benchi nikamwandikia nyuma ya kadi: leo 112, kesho tusipite 120. Tulipima kila baada ya saa sita. Siku ya pili, 119. Siku ya tatu, 125, bibi ameacha kumwita mumewe, amelala tu. Siku ya nne asubuhi, nikibadilisha shuka, alinitazama akasema, "Mwanangu, chai ya hapa haina tangawizi?" Nilimjibu, "Shikamoo bibi," machozi yananitoka.

Mzee wa maabara alishastaafu. Mimi sasa ni wa kusimamia wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Fomu ya maabara ina nafasi ndogo chini, imeandikwa "maelezo", ambayo kwa miaka yote niliiona tupu. Nawataka waijaze: mkono wa kulia, dripu kushoto, mshipa ulisumbua, mpira dakika moja. Mara ya kwanza tulipoanza, kijana wa maabara alipiga simu kuuliza kama kuna tatizo.

Mwezi uliopita, zamu ya jioni, mwanafunzi alinijia koridoni, viganja vimefumba vichupa viwili. Kile cha zambarau kimejaa. Kile chekundu kina damu ya kufunika kitako tu. Alinionyesha bila kusema, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Dada, mama mwenyewe amechoka kuchomwa. Nifanyeje?"

Nilikitazama kile kifuniko cha zambarau. Nilimwuliza kama amemimina. Akatikisa kichwa. Nikachukua sindano mpya, kichupa kipya chekundu, tukarudi pamoja hadi kitandani. Mama alipoiona trei akafumba macho. "Jamani mnanimaliza damu. Ile ya kwanza imekuwaje?"

Mwanafunzi akanigeukia. Nikakaa kimya, nikimsubiri yeye. Akachuchumaa pembeni ya kitanda, akamshika mama kiganja.

"Mama, nilikosea mpangilio. Nilianza na chupa isiyostahili kutangulia, damu ikaishia pale. Hii kidogo haitoshi, na nikiijazia kutoka kwenye ile nyingine, majibu yatakuwa si yako. Samahani."

Mama akafumbua macho, akamtazama kwa muda. Kisha akavuta shuka, akatoa mkono mwingine, akaugeuza juu. "Jaribu huku," akasema. "Huku mshipa wangu hausumbui."